Dude la Pangoni na Mtamba wa Mahari

Sayari moja tu, tena ya kwenye simu, imenigharimu mtamba wa mahari, sufuria zima la loshoro, ule mseto wetu wa mahindi na maziwa mgando, na heshima yangu ya kujua kupatana bei. Naona aibu kusimulia, ila Sombetini nzima inasimulia vibaya zaidi, kwa hiyo afadhali mnisikie mwenyewe.

Tulipanda Nkoaranga kwa ajili ya mahari ya binamu yangu Elibariki. Msemaji nilikuwa mimi, maana nauza mitumba na sijawahi kukubali bei ya kwanza. Mtamba tukamfunga nyuma ya nyumba, nikamsifia kwa baba mkubwa wa binti: "Mzee, huyu ni mpole, hata mtoto anamwegemea akalala." Kisha, ili kulainisha mioyo, nikaunganisha simu yangu na spika yao iliyokuwa huko huko nyuma, kina mama wapike huku wanasikiliza kwaya.

Wazee wa binti wakatoka kwenda kushauriana migombani, kama ilivyo desturi, sisi tukabaki sebuleni. Nikasema nichungulie gemu kidogo (kwaya nikaizima, simu yangu haibebi vyote viwili kwa pamoja). Nilikuwa nimetua kwenye sayari yenye majua mawili, hewa inakaribia kuisha, nimeihesabu mara mbili, inatosha kuingia pango moja nichimbe fuwele nirudi chomboni, kumbe pangoni kuna dude la miguu sita limelala, nami nikaligonga na sururu. Likafumbua mdomo, sauti sisikii. Nikaongeza. Sisikii. Nikaongeza mpaka mwisho. Huko nyuma kukanguruma.

"Mlimani kunanyesha," nikamwambia Elibariki.

"Kaka, mbona jua linawaka?"

Ndipo tukasikia mayowe. Tunafika, mtamba ameshakata kamba, amepita katikati ya jiko, loshoro lote chini, shangazi wa binti kashika mwiko hana cha kukoroga, na mpole wangu anateremka kwenye kahawa za watu bila kuangalia nyuma. Spika, kumbe bado imeungana na simu yangu, ikamalizia kwa sauti ya mama mmoja wa kwenye gemu akitangaza, kwa Kiingereza safi, kwamba nimekufa.

"Zima hilo jini lako," shangazi akasema.

Baba mkubwa akatokea migombani, akatazama kamba, akatazama kahawa, akanitazama mimi. "Ndiye yule wa kuegemewa na mtoto?"

Mtamba tulimkuta bondeni amevunjika mguu, akaishia buchani. Njia nzima ya kurudi Elibariki alisema sentensi moja: "Wakininyima binti, mimi na wewe basi."

Jumapili nikapanda tena peke yangu na jani la isale, lile letu la kuombea msamaha. Wamelipokea, maana isale halikataliwi. Lakini wanataka mtamba mwingine kabla mwezi haujaisha, la sivyo maneno ya ndoa yamekwisha.

Gemu nimelifuta. Sasa naomba, mwenye mtamba mpole, mpole kweli, aliyekulia karibu na spika, anitafute. Ataje bei. Sitapunguza hata shilingi.