Winchi Iliyonyamaza Ndabibi

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Nakuru sikushika hata spana. Fundi mkuu, Mhindi mfupi ambaye sote tulimwita Mistri, alinipa karai la mafuta ya taa na rundo la vyuma vichafu. "Wewe osha," akasema. "Kwanza jua sura ya kila chuma." Niliosha mpaka jioni nikiwa nimenuna, maana nilikuwa nimesoma na niliona nadharauliwa. Ninyi vijana mnaopima gari kwa kompyuta mtacheka. Chekeni tu.

Miaka ya hamsini ilipokuwa ikielekea kwisha, nilikuwa nimepanda cheo mpaka kuwa fundi wa umeme wa magari. Ndipo bwana mmoja Mzungu mwenye shamba kule Ndabibi alipoleta gari lake la kupanda milima tumfungie winchi ya umeme. Winchi ni ngoma ya chuma iliyozungushiwa kamba ya waya, inafungwa mbele ya gari. Likikwama, unafunga kamba kwenye mti, mota inaivuta, na gari linajitoa lenyewe. Nyingine tulizozijua ziliendeshwa na injini. Hii ilikula betri, na ilikuwa ya kwanza kuingia kwetu. Tuliijaribu mezani ikazunguka vizuri.

Karakana yetu ilikuwa na desturi yake. Vumbi la magadi kutoka ziwani lilikula chuma vibaya sana, kwa hiyo hatukufunga kitu chini ya gari kabla ya kukipaka rangi nyeusi nzito, pamoja na boliti zake. Nilipaka bampa, nikapaka miguu ya winchi, nikafunga. Mistri akanituma nilipeleke gari mwenyewe.

Nilifurahi kupita kiasi, kwa sababu baba yangu alikuwa mchungaji wa ng'ombe katika shamba lile lile. Wiki hiyo alikuwa amemwomba bwana amchukue mdogo wangu, Kiptoo, katika karakana ya shamba. Bwana alimjibu kwamba kwanza ataona kazi ya huyu mkubwa.

Mvua kubwa zilikuwa zimeanza. Bwana aliliingiza gari kwenye tope makusudi, mpaka ekseli. Wafanyakazi wote walikuja kutazama, na baba alisimama mbele yao amevaa koti lake la kanisani. Nilifunga kamba kwenye mti, nikabonyeza swichi. Ikalia ta! Kisha kimya. Nikabonyeza tena. Kimya.

Nilitoa taa ya kupimia, balbu ndogo yenye nyaya mbili. Waya mmoja nikaugusisha pale umeme unapoingia kwenye mota, mwingine kwenye chuma kitupu cha gari. Balbu ikawaka vizuri kabisa. Nikasimama wima, nikatangaza kwa sauti ya mtu mwenye elimu: "Umeme unafika, bwana. Mota imeungua."

Bwana alimgeukia baba. "Hii ndiyo fundi yako? Basi ile ingine kaa na ng'ombe."

Baba alivua koti, akampa Kiptoo alishike, akaenda kuleta maksai. Aliwafunga kwenye gari nililolitengeneza mimi, akawaita kwa majina yao taratibu, wakalitoa. Watu walishangilia maksai. Mimi nilikuwa nimesimama na balbu yangu mkononi, natamani ardhi inimeze. Baba hakunitazama hata mara moja, na nilimshukuru kwa hilo.

Gari liliporudi Nakuru, Mistri hakuifungua mota. Alichukua waya mnene, akagusisha ncha moja kwenye mwili wa winchi, nyingine kwenye betri, upande wa kurudishia. Nilipobonyeza swichi, winchi ikaamka ikanguruma.

"Umeme nakwenda, lazima narudi," akasema. "Wewe napima kwenda tu."

Rangi ndiyo iliyoziba njia. Umeme ulikuwa unaingia kwenye mota, lakini kurudi kwenye betri kupitia bampa haukuweza. Balbu yangu iliwaka kwa sababu niliigusisha kwenye chuma kitupu cha gari, si kwenye mwili wa winchi. Tuliikwangua pale miguu ya winchi inapokaa, tukafunga upya. Kazi ya dakika chache, na kule Ndabibi ningeifanya kwa kisu.

Nililirudisha gari likiwa zima. Bwana aliridhika, lakini nafasi ya Kiptoo alikuwa ameshampa mtu mwingine. Nilimsihi baba aombe tena.

"Nitamwambia nini?" aliniuliza kwa upole. "Wewe ukifaulu, inatosha. Nyumba ina fundi mmoja."

Basi nikafaulu. Nilihamia karakana nyingine kubwa zaidi, nikawa fundi mkuu, nikastaafu kwa heshima na kupewa saa ya ukutani. Nimewafundisha vijana wengi wapime njia zote mbili kabla ya kufungua mdomo. Kiptoo alichunga ng'ombe wa watu mpaka nywele zikawa nyeupe.

Sasa tunakaa boma moja. Kila asubuhi ananiletea maziwa. Mgeni akifika, hata kabla hajakaa, Kiptoo humshika mkono na kumleta kwangu. "Huyu ni ndugu yangu mkubwa," husema, kifua mbele. "Hakuna gari lililowahi kumshinda."

Nami hutazama chini, na kumkaribisha mgeni chai.