Chachu ya Mke wa Fundi Viatu

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumatano. Mke wa fundi viatu aliamka kwanza, kama siku zote, akaingia jikoni miguu mitupu, akagonga chupa kwa kijiko.

"Wewe! Hujaamka tu?"

"Nimeamka," fundi akajibu kutoka kitandani.

"Sisemi na wewe. Nasema na huyu."

Huyu alikuwa chachu: unga na maji, vimekorogwa vikaachwa vichachuke vyenyewe bila hamira, ndani ya chupa ya mdomo mpana iliyowahi kuwa ya asali. Unga wenyewe wa rai, nafaka ya kijivu ambayo ikishika maji hunata kama udongo wa mfinyanzi. Kila asubuhi mama alimwaga nusu, akaongeza vijiko viwili vya unga na maji ya uvuguvugu, akangoja viputo. Fundi akanywa chai. Akauliza soksi yake ya pili iko wapi. Akaambiwa ameivaa juu ya ile ya kwanza. Basi, akaenda kazini.

Alhamisi mama alisema kichwa kinamuuma. Ijumaa hakuwepo.

Ikabaki chupa. Chachu isipolishwa hufa, na aliyejua kuilisha ameondoka. Fundi alikuwa na miaka sabini na nne na matanga yalipokwisha hakuwa na haja nyingine duniani ila moja: isifie mikononi mwake.

Mtaani walimwita Mama Viputo. Kabla ya jina hilo alikuwa mpiga pasi wa hospitali, miaka ishirini na tisa. Mashuka, mapazia, makoti ya madaktari. Alijua moto wa pasi kwa kuisogeza karibu na shavu. Alipostaafu alitulia wiki moja. Wiki ya pili akapiga pasi mapazia yakiwa yananing'inia dirishani. Ya tatu, fundi akamwambia binti yao, mpishi wa hoteli:

"Mtafutie mama yako shughuli. Hapa nilipo nimebaki mimi tu kupigwa pasi."

Binti akaleta mfuko wa unga wa rai uliobaki hotelini, akamweleza mama yake kwa mdomo, akaondoka. Hakujua amewasha nini.

Mkate wa pili ulitoka tofali. Wa tano ulipanda vizuri, ukatazamwa, halafu ukalala chini wenyewe kama mtu aliyepewa habari mbaya. Wa saba fundi aliubeba kazini kama chakula cha mchana, akaishia kuuwekea kiatu juu na kugongea misumari. Hakusema kitu nyumbani. Mama alikuta ganda kwenye mfuko wa koti, lina matundu manne.

"Fundi, umeufanya nini mkate wangu?"

"Nimeutumia."

"Umeutumia au umeula?"

"Nimeutumia vizuri sana."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kesho yake akaanza wa nane. Ndivyo alivyokuwa. Kushindwa hakukumkatisha tamaa, kulimpa njaa ya kujaribu tena. Alipunguza maji, akaongeza, akafunika kwa taulo, akafunika kwa koti la fundi. Wa kumi na mmoja ukakubali. Mweusi, mzito, mchachu kidogo kwenye ncha ya ulimi, na ukiukata unaona vitundu vidogo kama sponji. Fundi alikula vipande vinne. Hakusifu. Kwake vipande vinne vilikuwa hotuba.

Halafu fundi akaharibu.

Yeye hubandika bitana la kiatu, kile kitambaa cha ndani, kwa gundi ya unga anayojikorogea, maana ile ya dukani humbana kifua. Siku hiyo alikuwa akifanyia kazi nyumbani, mezani kwa dirisha. Mkono ukapapasa, ukakuta chupa, ndani uji wa kijivu unaonata. Akapaka. Gundi nzuri, akawaza, leo nimepatia. Akakomba chupa nzima kwenye viatu vya mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, akaviweka kwenye jua.

Mwalimu alivifuata alasiri. Akaingiza mguu, akautoa.

"Fundi, viatu vyangu vina mimba."

Kweli, bitana lilikuwa limevimba, ukilibonyeza linashuka, ukiliachia linapanda polepole. Mama akatoka jikoni na chupa tupu mkononi. Akaangalia chupa. Akaangalia viatu. Akamwangalia mumewe.

Fundi akasubiri matusi. Miezi mitatu ya kulisha kila siku ilikuwa chini ya soksi ya mwalimu.

"Mwalimu, kaa hapo, usikanyage!" Mama akapiga magoti, akabandua bitana kwa kijiko cha chai, akakwangua kilichobaki katikati, pale pasipogusa ngozi wala gundi ya zamani. Kikapatikana kama nusu kijiko. Akakitia unga, akakitia maji, akakiweka juu ya friji kwenye joto. "Siku tatu," akasema. "Kama ni mzima, ataniambia."

Siku ya tatu vikatoka viputo. Tangu hapo mwalimu alikuja kila Jumamosi kudai kipande chake, akisema ule ukoo wa mkate umepitia kwake na yeye ndiye babu. Mama alimkatia kikubwa, akamwita babu mbele za watu.

Hayo yote fundi aliyakumbuka wiki ya pili baada ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka. Alikwenda kwenye chupa, akafungua. Katika pilikapilika hakuna aliyelisha kwa siku tisa. Juu yalisimama maji meusi, na harufu yake ilikuwa kama ya rangi ya kupaka milango.

"Baba, mwaga tu," binti akasema. "Imekufa hiyo. Nitakuletea mkate wa hotelini."

"Sitaki wa hotelini."

"Utajisumbua."

"Nijisumbue."

Akamwaga yale maji. Akachota chini kabisa, kijiko kimoja, pale palipokuwa bado na rangi ya unga. Akatia unga na maji, akaiweka juu ya friji. Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Fundi hakwenda kazini. Ya tatu asubuhi alikwenda kumgongea mwalimu.

"Njoo uone. Macho yangu siyaamini."

Mwalimu akavaa miwani, akainamia chupa muda mrefu.

"Kimoja," akasema. "Pembeni huku. Na kingine kinakuja."

Wazee wawili wakasimama jikoni wakitazama kiputo mpaka kikapasuka.

Jumamosi ile fundi akaoka. Akakanda kwa mikono inayojua ngozi kuliko unga, akangoja, akatia kwenye lile jiko dogo la umeme lililokufa waya wa chini. Mama alikuwa akiugeuza mkate katikati ya safari. Fundi hakulijua hilo, au alilijua akalisahau. Ulitoka juu mkaa, chini unga mbichi. Lakini ulikuwa umepanda. Hilo kila mtu aliliona.

Binti akaubonyeza kwa kidole.

"Baba, huu hauliki."

Mwalimu alikwisha kukaa na kisu chake. Fundi akavuta kiti, akawasimulia siku ya mkate wa kwanza kabisa wa mama, ambao ulitoka hivihivi, na yeye akiwa amekaa hapohapo hajui aanzie wapi. Siku ile mama aliuweka mbele yake, akafuta mikono, akasema, "Juu umeungua, chini haujaiva. Anzia katikati, Fundi, huko hatujagombana na mtu."