Njia ya Kondoa Niliyoichora Mwenyewe

Pikapu ya baba ilinuka dagaa. Hata ikioshwa ziwani kwa sabuni ya mche, hata ikiachwa milango wazi kutwa nzima upepo wa ziwa uipulize, harufu ile haikutoka. Ilikuwa imeingia kwenye sponji za viti, kwenye mkeka wa kukanyagia, na kwenye mashati ya baba mwenyewe. Gari lenyewe lilikuwa Pijo nyeupe iliyoanza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, na kazi yake ilikuwa moja tu: kwenda Bukima alfajiri, kupakia magunia ya dagaa waliokaushwa mchangani, na kuwapeleka soko la Musoma au la Bunda. Shuleni kwetu Kigera wenzangu walifunga pua nikipita. Sikujali. Kwangu ile ilikuwa harufu ya baba, na baba ndiye niliyempenda kuliko watu wote, kuliko hata mama, jambo ambalo sikuwahi kulitamka ila nadhani mama alilijua.

Nilikuwa na miaka kumi, darasa la nne, na masika ya mwaka huo yalikuwa mazito. Jumapili moja tulipotoka kanisani, mvua ikiwa imetuzuia barazani, baba aliniita nikae karibu naye. Tulikuwa watoto wanne, wasichana watupu, mimi wa tatu, na haikuwa kawaida mtu kuitwa peke yake. "Nyanjura," akasema, "likizo ya Juni mimi na wewe tutasafiri. Siyo safari ya dagaa. Safari ya polepole, ya kuona nchi." Nikamuuliza kwa nini mimi. Akacheka. "Kwani nani hapa nyumbani anajua ramani kama wewe?" Ni kweli, jiografia nilikuwa naipenda. Lakini hadi leo nikikumbuka jinsi moyo wangu ulivyojaa siku ile, naona haya, kama mtu aliyeshangilia goli kabla ya kuona kwamba limeingia upande wake.

Basi masika yote yale tukapanga. Mwalimu wangu aliniazima atlasi yenye jalada lililotoka, nami nikabandua kalenda ya zamani ukutani, nikaigeuza, na upande mweupe nikaanza kuchora njia. Kila Jumapili mchana baba alikaa nami barazani, matone yakidunda juu ya bati, chai ya tangawizi ikipoa pembeni, tukasogea kituo kimoja mbele. Masharti yake yalikuwa mawili: tusiendeshe zaidi ya nusu siku, na kila tutakapolala pawe na kitu cha kutazama. "Mwenda pole hajikwai," alikuwa akisema. Kwa hiyo tungeanza na makumbusho ya Butiama, alikozaliwa rais wetu wa kwanza, kisha tupite Bunda, tulale Mugeta kwa bibi, mama yake baba. Kutoka hapo twende Ikoma kuiona ngome ya Wajerumani, tuingie Serengeti, tupande Ngorongoro, tushuke Arusha kwenye boma la zamani, tupite Tarangire, halafu Kolo, ambako watu wa kale walichora wanyama na watu wembamba kwenye miamba. Karibu na Kolo ni Kondoa, na Kondoa alikuwa akikaa dada yake baba, Shangazi Eliza, muuguzi wa hospitali, ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani. Hapo tungepumzika. Mito niliichora kwa kalamu ya bluu, mbuga kwa kijani, na kila mji wa kale nikauwekea nyota nyekundu.

Kutoka Kondoa nilichora mstari mwingine wa kurudi, kupitia Dodoma, Singida, Shinyanga na Mwanza. Ule mstari baba hakuupenda. Siyo kwamba alisema hivyo. Alikuwa tu akiinua kikombe na kutazama mvua. "Kurudi tutapanga tukifika," aliniambia mara ya kwanza, na mara ya pili, na ya tatu. Nikadhani amechoka. Nikaupanga peke yangu.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo mtoto mwenye akili zaidi angeyaona. Dada yangu mkubwa, Rebeka, ambaye tulilala naye kitanda kimoja na kugombania shuka kila siku, ghafla aliacha ugomvi. Akaniachia upande wa ukutani nilioutamani miaka yote. Mama alishona gauni jipya ingawa Krismasi ilikuwa mbali. Alipopanga mkoba wangu aliweka nguo zangu zote, hata sare ya shule. "Mama, zote hizi za nini?" nikamuuliza. "Ngorongoro kuna baridi," akajibu, mgongo akiwa amenipa. Na asubuhi ya kuondoka alipiga magoti kwenye vumbi akanifunga kamba za viatu, mimi niliyejifunga mwenyewe tangu darasa la kwanza. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena. Nilikuwa na haraka. Nilimwambia, "Mama, bwana, tutachelewa," na hayo ndiyo maneno niliyomuaga nayo.

Butiama tulikaa muda mrefu kama tulivyopanga. Baba alinishika mkono tukazunguka makumbusho, akanisomea maandishi yaliyo chini ya picha. Tulipotoka nje, kwenye miamba ile mikubwa, alisema, "Unaona? Mtu anatoka hapa mdogo, anakwenda mbali kusoma, anakuwa mtu wa maana." Nikaitikia huku nikila karanga. Bunda tulikula ugali na sato kwa mama lishe anayemjua baba, ambaye alinitazama, akaniongezea kipande, akasema, "Kula mwanangu, huko uendako hakuna samaki." Nikacheka. Nilidhani anasema mbuga za wanyama.

Bibi wa Mugeta alikuwa mwanamke wa ng'ombe. Kiswahili alikisema kwa kulazimika, kwa sababu sisi watoto wa mjini lugha ya nyumbani ilitupiga chenga. Jioni ile jua likiwa bado juu ya vilima, baba akiwa uani anakaza nati za gurudumu, bibi aliniita kwenye kigoda chake, akaweka mkono kichwani pangu, akaanza kuniombea kwa lugha yake. Kisha akahamia Kiswahili ili nielewe. "Shangazi yako ni mtu muzuri," akasema. "Mungu alimunyima mutoto, sasa amepata. Ukikaaga naye, umuitage mama. Usimuitage shangazi, atahuzunika. Na sisi usitusahau."

Sikuelewa mara moja. Niliendelea kutabasamu kwa adabu, kama unavyomtabasamia mzee. Halafu ikaniingia polepole, kama maji ya baridi yanavyopenya kwenye kiatu. Nikainuka, nikaenda uani. "Baba, kwa nini bibi anasema nimwite Shangazi Eliza mama?"

Spana ilisimama. Baba alijifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Bibi amezeeka," akasema. "Siku hizi anachanganyaga mambo."

Bibi yangu alikuwa anajua jina la kila ng'ombe zizini, na jina la mama yake, na la bibi yake. Hakuchanganya kitu. Nilisubiri baba aende kunawa, nikafungua dashibodi ya Pijo, na ndani ya bahasha ya kaki nikakuta barua ya uhamisho kutoka shuleni kwetu, yenye jina langu kamili na jina la shule ya Kondoa. Chini yake baba alikuwa ameweka sahihi. Tarehe ilikuwa ya masika, wiki zilezile tulizokuwa tukinywa chai barazani na kuhesabu vituo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu mimi kilikuwa ile ramani: nilikuwa nimeikumbatia, nikainolea kalamu, nikaipaka rangi tatu. Nyumba nzima ilijua. Mwalimu aliyeniazima atlasi alijua. Mama lishe wa Bunda alijua. Mchoraji wa njia ndiye peke yake hakujua inakwenda wapi.

Nilirudisha barua, nikafunga. Sikulia, wala sikusema. Ningekimbilia wapi? Lakini hasira ya mtoto hutafuta silaha yoyote iliyo karibu, na asubuhi tulipofika lango la Ikoma niliipata yangu. Baba alilipenda wazo la kunionyesha Serengeti kuliko jambo lolote katika safari ile; alikuwa amelisema kila Jumapili. Basi gari lilipovuka lango nikafumba macho.

Nimepita Serengeti nzima nimefumba macho. Naijua kwa masikio na pua. Najua nyumbu wanavyoguna, maelfu kwa maelfu, kama wazee wanaobishana chumba cha pili. Najua harufu ya vumbi lao na samadi yao, na namna majani makavu yanavyokwaruza chini ya gari. "Nyanjura, tembo hao! Wana mtoto!" baba aliita. "Ona twiga, mama, tazama huku." Alisimamisha gari, akazima injini, akangoja. Nilisikia ndege, nilisikia chuma cha injini kikipoa, nilisikia pumzi yake. "Unaumwa?" akauliza. Nikatikisa kichwa. "Basi fumbua macho, mwanangu. Ulisema unataka kuona simba." Sikufumbua. Aliendelea kuniita kwa saa nyingi, sauti ikipungua kila mara, hadi mahali fulani katikati ya ule uwanda akanyamaza kabisa, na hapo nikajua amejua kwamba nimejua. Angeweza kusema wakati ule. Tulikuwa wawili tu, na nchi nzima ilikuwa tupu. Alikanyaga mafuta. Safari ya polepole iliishia hapo. Arusha hatukuliona boma, Tarangire tulipita bila kugeuza shingo, na Kolo tulipita ile miamba yenye michoro bila kusimama.

Kondoa tulilala usiku mmoja. Asubuhi yake, chai ikiwa mezani, baba alisimama akachukua funguo. "Ngoja nikajaze mafuta," akaniambia. "Nikirudi twende Kolo tukaone ile michoro." Na mimi niliyekuwa nimeisoma barua kwa macho yangu, mimi niliyejua kila kitu, nilikimbia kuvaa viatu. Hilo ndilo ambalo sijawahi kujisamehe, sijui kwa nini. Nilikaa kizingitini nimevaa viatu, nikisikiliza kila gari.

Ni Shangazi Eliza aliyekuja. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya taratibu. Alikaa chini sakafuni kando yangu na gauni lake jeupe la kazi. "Nyanjura," akasema, "baba yako ameondoka. Harudi leo, wala kesho. Mimi nilimwambia akuage. Hakuweza." Alikuwa mtu mzima wa kwanza kuniambia ukweli katika msimu ule wote, na kwa sababu hiyo, siyo kwa sababu ya gauni wala chakula wala shule nzuri aliyonipeleka, nikaja kumpenda. Baada ya miaka miwili nilimwita mama. Lilinitoka lenyewe, nikiwa na homa, na homa ilipopungua nililia kwa kuona kwamba sasa hata mimi nimemsaliti mtu.

Yule mama mwingine, wa kamba za viatu, alifariki nikiwa kidato cha pili. Nilifika Kigera nikakuta majirani wanajua vikombe vinakaa wapi na mimi sijui. Baada ya mazishi nilimkalia Rebeka kooni, nikataka aniambie kwa nini hakuninong'oneza hata neno moja. Alikuwa amechoka kulia. "Mimi ndiye niliyeombwa kwanza," akasema. "Waliniuliza kama nataka kwenda. Nikakataa, nikapiga kelele siku tatu. Ndiyo maana wewe hawakukuuliza."

Miaka imepita. Leo ninafanya kazi Dodoma, nina watoto wangu wawili, na ile njia iliyotuchukua masika mazima kuipanga kituo kwa kituo wao wanaipanga kwa simu wakiwa wamelala kwenye kochi. Simu inawaonyesha kilomita, lami inapoishia, hoteli yenye bwawa, hata picha ya simba kabla hawajamwona simba. Mwaka huu wametaka tupite Serengeti kwenda Musoma kumsalimu babu. Wameniuliza mara nyingi siku gani tunarudi, kwa sababu mimi ndiye niliyewazoesha kuuliza. Nyumbani kwetu hakuna anayetoka mlangoni bila kusema ukweli wa anakokwenda, na mume wangu huona nimezidisha. Labda nimezidisha. Shangazi alinisomesha, na bila yeye nisingekuwa na kazi hii. Watu wananiambia kwamba mambo yaliishia vizuri. Yaliishia vizuri, sibishi. Lakini mtu anaweza kupewa kitu chema kwa mkono mbaya, na mwili ukaukumbuka ule mkono.

Kabla ya kuwakubalia watoto nilikwenda Kigera peke yangu. Baba ni mzee sasa, pikapu iliuzwa zamani, anakaa barazani na redio. Tuliongea habari za mvua, habari za bei ya mbolea, hadi maneno yakaisha. Ndipo nikamuuliza, kwa mara ya kwanza tangu Mugeta.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

Hakujifanya haelewi. Alizima redio. "Ningekuambia ungelia," akasema.

"Nililia hata hivyo, Baba."

Aliirudisha antena ya redio ndani.

"Najua," akasema. "Lakini sikuwepo kuona."