Damu Haina Mkosaji

Mwanangu Jelagat, ipo siku moja ambayo miaka haijaifuta kichwani mwangu. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya kliniki mjini Eldoret, kaka yako mgongoni, na moyoni nina furaha mbaya. Naiita mbaya kwa sababu kuna furaha ya kupata na kuna furaha ya kulipiza kisasi, na hizo mbili hufanana sana usoni. Tulia nikusimulie. Juzi ulikuja hapa Yamumbi ninakoishi sasa na vitabu vyako vya shahada ya pili ya uuguzi, ukaanza kunieleza kromosomu, ukashangaa kwamba neno hilo nalijua. Nililijua kabla hujazaliwa.

Kaka yako Kiptoo alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Alizaliwa mlegevu, macho yameinuka pembeni, ulimi hautulii mdomoni. Daktari akasema ana ugonjwa wa Down, na moyo wake una tundu. Mimi nilikuwa msichana tu, nimeolewa kijiji cha Ziwa, kwa watu wa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Nyanya yako, Kogo, alimfunua mtoto, akamtazama, akamfunika tena.

"Kwa hii boma hatujawahi ona mtoto kama huyu," akasema. "Hii imekuja na bibi harusi."

Neno hilo halikukaa nyumbani. Lilienda kanisani, likaenda sokoni, nami nikawa nikifika penye wanawake wanabadilisha mazungumzo. Baba yako hakunitetea wala hakunishtaki. Alienda shambani mapema na kurudi amechelewa, na huo ukimya wake uliniuma kuliko maneno ya mama yake. Mwishowe Kogo akaita wazee wa ukoo waje Jumamosi, waamue kama nirudishwe kwetu pamoja na mtoto.

Sasa, kule kliniki kulikuwa na muuguzi mkuu aliyeitwa Sista Wangari, mama wa makamo aliyekaa mtaa wa Munyaka. Damu ya Kiptoo ilipopimwa, ilionekana kromosomu yake ya ziada haikuwa peke yake, ilikuwa imeshikana na nyingine. Sista akasema ikiwa hivyo, wazazi wote wawili wapimwe. Baba yako alikuja shingo upande. Damu zetu zikapelekwa Nairobi, tukangoja hata nikakata tamaa. Majibu yalikuja wiki ileile ya wazee.

Daktari alituketisha wote wawili. "Baba Kiptoo," akasema, "kromosomu ndizo zinazobeba maagizo ya mwili. Zako zina kila kitu, ila mbili zimeshikana. Wewe haikudhuru. Lakini ukipata mtoto, anaweza kupokea zaidi ya inavyotakiwa."

Baba yako, aliyeweza kutupa gunia la mahindi juu ya lori bila kusaidiwa, alitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Mimi nilitoka nje nimejaa ile furaha mbaya. Kwenye korido nikamwambia, "Jumamosi nitasimama mbele ya wazee wote, nimwambie mama yako huu uchafu umetoka kwa nani!"

Sista Wangari alikuwa anapita. "Mama Kiptoo, kuja hapa."

Akaniingiza chumba cha kufungia vidonda, akafunga mlango. "Umesema uchafu. Uchafu ni gani?"

Akamwonyesha Kiptoo kwa kidole.

"Ni huyu amelala kwa mgongo yako?"

Mwanangu, nilitamani sakafu inimeze. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini hakunipigia kelele. Alimrekebishia Kiptoo leso iliyokuwa imemziba pua, akasema polepole, "Walikuumiza na hayo maneno, najua. Sasa umeyapata wewe, unataka kumuumiza nayo bwanako. Angalia vizuri ni nani anaumia kila mara. Damu haina mkosaji, mama. Hakuna mtu huchagua kile atapitisha. Na tena, hayo majibu ni yake. Akitaka yasemwe, atasema yeye. Si yako kutangaza."

Tulirudi Ziwa. Siku mbili zilizobaki niliyameza maneno yangu kama dawa chungu.

Jumamosi wazee walikuja, wakanywa chai, wakaomba. Kogo akasema yake yote. Mzee mmoja akanigeukia. "Mama, una neno?"

"Sina," nikasema, na Mungu ndiye anajua ilivyonigharimu.

Hapo ndipo baba yako aliposimama. "Bibi yangu haendi mahali. Tumepimwa. Imetoka kwangu."

"Kwako?" Kogo akauliza. "Wewe mzima hivi?"

"Mzima hivi, mama. Nilizaliwa nayo. Labda ilitoka kwa marehemu baba, labda kwako. Daktari hawezi jua bila kupima."

Nikajua sasa nyumba itawaka. Haikuwaka. Kogo aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea, "Kabla yako nilipoteza watatu. Mimba zilikuwa zinatoka tu. Mama mkwe aliniambia tumbo yangu imelaaniwa. Nimeamini hivyo mpaka leo."

Mwanamke aliyenitwika laana alikuwa amebeba yake tangu ujana, na hapakuwa na mtu wa kumtua. Aliinuka, akaja nilipokuwa, akanyoosha mikono. Nikampa mtoto. Wazee wakavaa kofia zao wakaenda.

Kogo hakupimwa kamwe, nasi hatukumwomba apimwe. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na yeye alilea. Ndiye aliyemfundisha Kiptoo kutembea, akachelewa lakini akatembea. Kaka yako alichunga ndama, akasalimia kila mtu sokoni mara mbilimbili, akawa anaimba kanisani wimbo ukiwa umekwisha. Ulikuwa mdogo moyo wake uliposhindwa, ndevu zake ndiyo kwanza zinaanza kuota. Kogo alikaa kando ya kaburi hata mvua ikaanza, tukambembeleza kuingia nyumbani.

Wewe ulizaliwa mzima, tukamshukuru Mungu. Lakini baba yako naye ni mzima. Unanielewa, mwanangu. Umesoma kunizidi, na Desemba unaolewa. Nenda ukapimwe. Si kwa sababu una kasoro, bali usije ukashtakiwa gizani kama mimi na nyanya yako. Ukikuta unayo, mwambie mchumba wako Kibet wewe mwenyewe kabla ya harusi, kwa mdomo wako, mkiwa wawili. Akiondoka, utalia, nami nitalia nawe. Akikaa, mtakuwa mmeanza na ukweli.

Na siku utakapokuwa wewe unayetoa majibu, usimpe mke peke yake akayabebe nyumbani. Waketishe wote wawili. Wakikuuliza ni kosa la nani, usiwaache waondoke na swali hilo. Mtaje mtoto kwa jina lake. Na kumbuka kwamba nyanya mkali aliyeketi pembeni huenda ana watoto aliowapoteza bila mtu kumwambia pole. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, wala usimdharau mama mkwe, maana hujui alikopita.

Mungu akupe mikono myepesi na ulimi usio na haraka. Akupe uzao, na uzao utakaokuja, vyovyote utakavyokuja, upokelewe kwa mikono iliyonyooshwa. Amina.