Siku Mwalimu Alipofungua Kufuli la Stempu

Nilirudi nyumbani na vitu viwili ambavyo hakuna mtu wa kijiji chetu aliyewahi kushuka navyo kwenye ndege: diploma ya usimamizi wa hoteli na albamu nne za stempu. Diploma niliisomea jioni, mchana nikisugua masufuria ya watu. Stempu nilizipata jikoni humohumo, kwa kuwaomba wenzangu wa kila nchi bahasha kabla hawajazitupa. Sikurithi shamba la chai, wala sikushikwa mkono na mjomba. Leo nina jengo langu mjini Kisii, na chumba cha juu kabisa, chenye madirisha makubwa kuliko yote, nilikitoa kwa chama cha wakusanya stempu. Chama hicho nilikianzisha mimi. Kama kipo kingine Kisii na Nyamira nzima, sijakisikia.

Lakini kilikuwa kinanifia mikononi. Wanachama walipanda ngazi wamekumbatia mifuko yao, wakala mandazi yangu, wakazisifu albamu nilizozitandaza mezani, kisha wakaenda zao bila kufungua chochote. Nikiweka picha za stempu zangu kwenye kikundi chetu cha simu, walijibu "hongera" na "Mungu akuzidishie". Hakuna aliyeweka zake. Kwetu mtu hatandazi mali mbele ya jirani. Hata ng'ombe akizaa pacha unalisema jambo hilo kwa sauti ya chini, maana macho hayana pazia.

Aliyewazidi wote ni mwalimu mstaafu wa Marani. Mkoba wake wa ngozi ulikuwa na kufuli dogo la shaba. Mama mmoja muuza ndizi kutoka Ekerenyo, mwanachama mwenye ulimi mkali, alimwuliza siku moja kama mle ndani mna stempu au mna mke wa pili. Mwalimu alimeza andazi lake na kuusogeza mkoba karibu na goti.

Watu wakaanza kupungua. Nikatangaza kwamba albamu zisipofunguliwa, chumba nitampangisha kinyozi aliyekuwa akinipigia simu kila wiki. Nililitamka kama mtu asiyejali. Lakini chumba hicho nilikipanga kichwani nikiwa bado ng'ambo, hadi mahali pa kuweka meza.

Dawa niliigundua mwenyewe, na sioni haya kusema ilikuwa ya kitaalamu. Nilikumbuka egesangio ya mama yangu, kikundi cha wanawake waliolimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hakuna aliyemwuliza mwenzake ana nini nyumbani. Lakini siku ya zamu yako, ukishalimiwa, jiko lako linakuwa la wote, na kama una asali iliyofichwa uvunguni, inatoka. Basi nikawaandikia wanachama kwamba tunaacha chumba kwa muda, tutazunguka nyumba kwa nyumba kama egesangio, jembe kwanza, stempu baadaye. Wa kwanza ni mwalimu.

Mwalimu alinipigia simu kukataa. Alisema shamba lake halina gugu hata moja. Nikasikia simu ikinyang'anywa, na mke wake akasema migomba imezama kwenye nyasi, tuje Jumapili, kila mtu na jembe lake.

Tulikwenda. Mteremko wa pale ni mkali kiasi kwamba unalima huku goti likigusa kidevu, na udongo mwekundu ulikuwa bado umelowa mvua ya jana. Nilimaliza mistari yangu kabla ya watu wote, vijana wakiwemo. Ng'ambo haikunilegeza mkono. Kisha tukanawa, tukala ugali wa wimbi na mboga za chinsaga zilizolazwa kwenye maziwa. Kila mtu aliangalia sahani yake. Mke wa mwalimu akaondoa vyombo, akaleta mkoba, akauweka katikati ya meza.

Mwalimu aliushika ufunguo bila kuutia.

"Mkizicheka je?" akauliza. Akanigeukia mimi. "Wewe zako ni za dunia nzima. Zangu nimezibandua kwenye barua za wanafunzi wangu."

"Mwalimu," mama wa Ekerenyo akasema, "nimekulimia mgongo ukauma. Fungua."

Akafungua. Mlikuwa na daftari la shule, na ndani yake vipepeo waliochorwa kwenye stempu za Kenya za zamani, kila mmoja na muhuri wa mji ambako mwanafunzi wake alipata kazi. Alituonyesha kwa kidole: huyu alikuwa daktari, huyu aliingia jeshini, huyu alikuwa hajui kugawanya. Nafasi moja ilikuwa tupu. Alimtaja kipepeo wa hapo, akasema amemtafuta tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Mama wa Ekerenyo aliinama, akatoa mfuko wake chini ya kiti. "Huyo ninaye," akasema. "Ninao wawili."

Mwalimu alitoa kibano mkobani. Alimpokea kipepeo nacho, na alipomlaza mahali pake wote tulikuwa tumesimama, hata mke wake, taulo begani. Ndipo mifuko ilipofunguka. Fundi cherehani alikuwa na stempu za ndege, karani wa kiwanda cha chai cha Itumbe alikuwa na za treni, watu wakaitana, wakabadilishana, wakapingana juu ya miaka ya stempu. Nilikuwa nimebeba albamu zangu zote nne na hakuna aliyeziomba. Na niwaambie kweli, katika zote nne kipepeo wa namna ile hakuwamo hata mmoja.

Jioni tukiaga, mwalimu aliuliza zamu inayofuata ni ya nani.

"Ya mwenye diploma," akasema mama wa Ekerenyo. "Ila kwake tutalima nini? Alishafunika udongo wote kwa mawe."

Nikamjibu kwamba nina ukoka mbele ya nyumba, mzuri kuliko wa hoteli yoyote hapa, na unahitaji kufyekwa. Wakasema watakuja na mapanga.

Kinyozi alipiga simu tena nikiwa njiani. Nilimwambia chumba kina watu.