Konzi Mbili za Chakula cha Samaki

Nilifika ufuoni nikijifanya msomi. Nilikuwa na kipima hewa ya majini, daftari jipya la utafiti wa chuo, na buti za mpira zilizonibana vidole. Mama aliyenipokea alikuwa na kizimba kimoja cha ngege ziwani, yaani wavu mkubwa ulioning'inizwa kwenye madumu, na ndani samaki aliowalea miezi minane. Siku iliyofuata ilikuwa ya kuwavua. Mnunuzi angekuja na boti asubuhi.

"Leo hawali," Mama akaniambia tukiwa mtumbwini kando ya kizimba. "Samaki akisafiri tumbo limejaa, anaharibika njiani. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, Mama."

Nilisikia, lakini wapi! Alipogeuka kufunga kamba, nikawaona wanavyokuja juu wakitutafuta. Nikajiambia kidogo tu, niandike wanavyokula. Nikachota konzi mbili kwenye gunia la chakula chao, nikatupa. Maji yakachemka.

Mama akageuka, akayatazama yale maji, kisha mkono wangu. Hakunigombeza. Alitoa simu akamwomba mnunuzi asogeze siku moja. Ningeomba ardhi ipasuke inimeze, lakini tulikuwa juu ya maji.

Siku hiyo ya kuvua ikapita hivi hivi. Usiku wake upepo ukageuka. Alfajiri tulipiga makasia hadi kizimbani kumsubiri mnunuzi, na magugu maji yakaja nyuma yetu, kijani kitupu, yakatufunga kila upande. Kasia likizama halisogei. Ufuo tuliuona kabisa, hata rangi ya shuka zilizoanikwa. Boti ya mnunuzi ilijaribu mara tatu, ikarudi.

Jamani, nilichoka na kukaa! Jua lilituchoma, mguu hauna pa kunyooka, na samaki wakawa juu, midomo wazi, wakitafuta pumzi, maana magugu yalikuwa yameziba hewa. Nikashusha kipima changu. Nikasoma namba kwa sauti, nikasoma tena ikiwa imeshuka, nikasoma tena.

"Nyamaza na hicho kidude," Mama akasema.

Wa kwanza akageuka tumbo juu. Kisha kumi. Mama akachomoa kisu, akainama, akapasua wavu wake mwenyewe toka juu hadi mkono ulipofika chini.

"Heri waende."

Wachache walienda. Wengi hawakuwa na nguvu za kwenda popote, wakabaki hapo hapo wakielea kando ya mlango uliofunguliwa. Mama alilia bila kujifuta.

Alasiri vijana walitukatia njia kwa mapanga. Kina mama wa kikundi chake cha wafugaji samaki walikuwa wamejaa ufuoni.

"Imekuwaje? Si ulikuwa uvue jana?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Ni magugu," akasema.

Wakamshika mikono. Kisha wakanigeukia mimi, mgeni wao, wakanipa maji ya kunywa na pole kwa kukwama juani siku nzima.

Nikasema asante.