Sauti ya Kaa Mbishi

Juzi, ndugu yangu, nilikwenda Mapinga kumtazama mjukuu wangu. Nikamkuta kaketi mbele ya televisheni, na yule mnyama wa katuni anayemtazama yupo pia kwenye fulana yake, kwenye ndala, hata kwenye kikombe cha uji. Binti yangu akacheka: "Mama, zama zenu haya hayakuwepo." Yalikuwepo, tena Bagamoyo, na wivu wake bado unaniwasha.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini jirani yetu alirudi kutoka Dar es Salaam, alikokuwa akiendesha mashine ya sinema. Akaunda sanduku la mbao kubwa kama kabati, akalitoboa dirisha, akatundika pazia, akaliita televisheni. Sisi watoto hatukuwahi kuiona televisheni yenyewe, kwa hiyo hatukubisha. Dirishani alitokea kaa wa kitambaa chekundu, kofia kichwani, jina lake Kaa Mbishi. Jirani alimchezesha kwa mkono. Sauti ilikuwa ya binti yake, shoga yangu, tuliyelingana naye umri.

Alasiri tukitoka chuo cha Kurani ua wao ulifurika, kila mtoto na nazi yake au kipande cha kuni cha kiingilio. "Sitaki! Na kutaka sitaki!" alifoka Kaa, na ua mzima ukaitikia. Mimi nilifumba mdomo.

Mambo yakanoga. Mama wa maandazi akaomba ruhusa ya kukata maandazi yenye magando kama ya kaa, fundi cherehani akaomba kudarizi kaa kwenye fulana. Jirani aliwaruhusu kwa mapatano, na mapato yakaonekana: bati jipya, baiskeli, sanduku likaalikwa mpaka Mlingotini. Nyumbani kwetu nilikuna nazi mpaka vidole vikachubuka. Shoga yangu hakuteka hata maji. "Anatunza sauti," mama yake alisema, akimmiminia chai ya tangawizi. Niliililia fulana ya kaa, bibi yangu akakataa katakata. "Kaa wa uzi atakuongezea nini?" Hakujua kwamba sikuitaka fulana. Nilitaka kuwa nyuma ya lile pazia.

Kisha kaa akazaa. Kila genge likawa na maandazi ya magando, kila cherehani ikadarizi. Jirani alizunguka sokoni akigomba, "Huyo ni wangu! Nani kakuruhusu?" Watu wakamcheka. "Kaa wa baharini ana mwenyewe?" Mama wa maandazi na fundi nao wakaona hakuna haja ya kumpa chochote. Baiskeli ikauzwa.

Pigo la mwisho likatoka ng'ambo. Unguja walianza kurusha televisheni ya kweli, na tajiri mmoja wa mtaa wa pili akasimamisha mlingoti mrefu juu ya paa, akazinasa picha. Watoto wote wakahamia barazani kwake.

Siku hiyo nilikwenda kwa jirani na nazi yangu. Nilikuwa peke yangu uani. Nilidhani wangeahirisha, lakini pazia likafunguka, na shoga yangu akayasema yote, neno kwa neno, kwa mtazamaji mmoja. Alipofika kwenye "Sitaki!" sauti ikakatika. Hapakuwa na mwingine, nikaitikia mimi: "Na kutaka sitaki!" Akaendelea mpaka mwisho. Kisha akatoka nyuma ya sanduku, akaketi chini, akalia kwa kwikwi, na baba yake akamkumbatia.

Nikamtazama, na unajua? Hata kilio kile nilikionea wivu. Mimi sikuwa na kitu kikubwa kiasi hicho cha kupoteza.

Haukupita muda wakahamia Lugoba, kwa wakwe zake yule jirani. Sanduku lilipasuliwa likawa banda la kuku. Leo pale ua ulipokuwa pana ukuta na geti, na vijana wa mtaani ukiwauliza habari za Kaa Mbishi wanakutazama tu. Asubuhi ile walipopakia vyombo kwenye lori, shoga yangu alinipungia mkono, na mimi nikampungia. Nikarudi jikoni kukuna nazi. Mtaa mzima haukuwa tena na mtu wa kumwonea wivu, na sikujua nifanye nini na moyo wangu.